Nafasi ya Kumi na Mbili

Usukani ulikuwa umelalia kulia kama kofia ya mlevi, ilhali matairi yalitazama mbele sawasawa. Kila Mzee Salum alipounyoosha, matairi yaligeukia mtaroni.

"Aliyekubadilishia rodi ya usukani hakupima," sauti ya fundi Mbonile ilitoka uvunguni mwa lori. "Kafunga, kakwambia nenda salama."

"Fundi wa Mlowo hapo. Alikuwa na haraka."

"Mafundi wa haraka ndio wanaotulisha sisi, mzee."

Salum hakucheka. Tangu jana asubuhi alikuwa wa kumi na mbili kwenye foleni ya kwenda mpakani Tunduma, na foleni haikuwa imesogea hata urefu wa tela moja. Saruji yake ilikuwa ya kushusha Nakonde, ng'ambo tu ya geti. Akishusha leo, kesho yuko nyumbani Makambako, na keshokutwa anamwoza Yasmini, mwanawe wa mwisho. Asiposhusha, binti ataozwa na baba mdogo. Harusi za wawili waliomtangulia Yasmini alizikosa hivyo hivyo: ya kwanza akiwa amekwama mpakani Kasumbalesa, ya pili akiwa kwenye foleni hii hii, miaka tisa iliyopita. Hakusahau.

Ndiyo maana safari hii foleni aliishika mwenyewe. Jana mchana alipanda juu ya bampa akawahutubia madereva: hakuna kuchomekea, bampa kwa bampa, na atakayeacha gari lake akaenda kuzurura, anarukwa. Wakamwita mwenyekiti. Alipouliza kwa nini hawasogei, swali lilipanda dirisha kwa dirisha mpaka likapotelea kwenye kona ya kilima, na jibu likarudi kwa njia ile ile: mtandao wa forodha umeanguka. Aliguna tu. Miaka thelathini barabarani, na mtandao huwaangukia wanyonge siku zote.

Maana wenye nazo walikuwa wanapita. Kila baada ya nusu saa lori moja lilitokea nyuma, likahamia kulia, likawapita wote bila haya na kutokomea konani. Madereva waliyapigia honi, wakayatupia maganda ya ndizi. Salum alizishika namba za malori hayo yote kichwani. Iko siku angezisoma mbele ya mkubwa fulani, moja baada ya nyingine.

Mbonile alijikokota akatoka, mgongo mwekundu kwa vumbi. "Njia ya mkato ipo. Nachomoa usukani, naupachika umenyooka, tumemaliza."

"Na matairi?"

"Ukiwa huko juu utayaona wapi?"

"Kwa hiyo ugonjwa ubaki, uso upakwe poda. Ufundi huu ulisomea serikalini?"

Mbonile akacheka mpaka akakohoa. "Haya, mzee. Rodi nimeizungusha kwa kukadiria. Lakini jicho si barabara. Twende mbele kidogo, uachie mikono, nione usukani unalala wapi."

"Nitoke kwenye foleni?"

"Ulitaka nilijaribie angani?"

Salum aliutazama usukani. Milima ya Mbeya ilikuwa inamsubiri wakati wa kurudi, na mkono wake wa kulia ulishakufa ganzi. Akashuka, akaliendea lori la nyuma yake, la Raphaeli.

"Dakika kumi, kijana wangu. Nilindie nafasi."

"Sheria ni yako, mwenyekiti. Aliyetoka karukwa."

"Najua nilichosema. Naoza binti keshokutwa."

Raphaeli alimwashiria kwa kidevu. "Nenda. Ila ukizidisha, na mimi nina wanangu."

Lori likahamia kulia, polepole, Mbonile ameketi kando na macho yake hayabanduki kwenye usukani. Dereva wa kumi na moja hakuwa na habari ya majaribio, akapiga honi. Wa kumi akadakia. Ganda la ndizi likatua kwenye kioo.

"Mwizi! Umetoa ngapi?"

"Najaribu gari tu, jamani!" Salum alipaza sauti, lakini nani angemsikia. Wa saba akatema mate. Wa sita, mtu mzima mwenye mvi kama zake, alitikisa kichwa tu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akapanga moyoni: avuke kona, ageuze, arudi mbio kabla Raphaeli hajabadili nia.

"Achia mikono," Mbonile alisema.

Akaachia. Usukani ulitulia katikati, hautikisiki, na lori likaenda limenyooka kama uzi.

"Umeona, mzee? Barabara haidanganyi."

Salum akaushika tena, akakunja kona.

Lori la kwanza la foleni lilikuwa limekalia mawe, matairi yake ya mbele yamefunguliwa, kabini tupu. La pili lilikuwa limejibana nyuma yake, bampa kwa bampa, dereva amelalia usukani. Mbele ya lile la kwanza mtu alikuwa ametandaza matawi ya mkaratusi barabarani, majani yamekwisha kukauka. Na kuanzia kwenye matawi hayo hapakuwa na gari lolote, lami tupu mpaka macho yalipoishia.