Jina Kabla ya Kuzaliwa

Mwanakheri alikuwa akiunda programu ya kuonyesha picha za kaka yake, marehemu Shaame, bila kukoma, ili mama yao asiishie tena kwenye kioo cheusi cha kompyuta picha zinapokwisha. Kila picha iliitaja inayofuata. Ya mwisho, Shaame akicheka amevaa kofia, haikuwa na ya kuitaja.

"Si uirudie, wifi, uiambie itaje ile ya kwanza, ya uchanga wake?" aliuliza Raya, mjane wa Shaame.

"Lugha hii ya programu haikubali. Kitu kikishaundwa hakiguswi tena, na hii ya mwisho ndiyo huundwa kwanza ili nyingine ziitaje."

"Ina kiburi lugha hiyo!" Raya alishika tumbo lake. "Basi itaje kabla hujaiunda. Mbona huyu namwita Shaame, na bado hajazaliwa?"

Mwanakheri alimtazama. Kisha akaliandika jina la picha ya kwanza ndani ya ile ya mwisho, wakati ya kwanza yenyewe bado haipo. Kompyuta haikuuliza iko wapi. Ilingoja iundwe.

Mama akaitwa, akakaa. Picha zikapita polepole, zikiyeyuka moja ndani ya nyingine. Ilipofika ile ya kofia, mama akafumba macho.

"Fumbua, mama," Raya alinong'ona.

Kwenye kioo, mtoto mchanga aliyefungwa kanga alikuwa akipiga mwayo, kana kwamba ndiyo kwanza anaamka.