Zumari Mbele ya Nyumba ya Msiba

Walipokata kona ya Nguvumali, Uweso alitoa zumari mdomoni, na ngoma zote zikanyamaza nyuma yake.

Nyumba iliyokuwa mbele yao ilikuwa na msiba. Majamvi yalikuwa bado barazani. Ilikuwa siku ya nane tangu azikwe kijana wa nyumba ile, aliyempigia Uweso chapuo, ile ngoma ndogo, kwa miaka kumi na miwili. Wanawake waliokuwa wakipeleka begi la nguo na zawadi kwa bibi harusi waliacha vigelegele, wakawa wanapita kimya, kandambili zao zikisugua mchanga.

Mama wa marehemu akatokea mlangoni, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama," alisema Uweso. "Tuwie radhi. Tunapita tu."

"Marahaba. Mbona mmenyamaza?"

"Tunaheshimu msiba, mama."

"Mwanangu hakupita hapa kimya hata siku moja. Nilikuwa nikiujua mkono wake tangu yuko kule sokoni. Pigeni, nisikie."

Wapiga ngoma wakamtazama Uweso. Mdomo wa zumari ulikuwa umeshakauka. Akaulowesha kwa mate, taratibu, huku mama ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Akavuta pumzi. Sauti ya kwanza ilitoka imepasuka, lakini hakuacha. Mashavu yakavimba, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, na ngoma kubwa ikaingia.

Mama hakulia. Alisimama vilevile mpaka wa mwisho alipopita, kisha akaita kwa nguvu:

"Mkirudi, piteni hapahapa!"