Keki ya Dakika za Lala Salama

Saa kumi na moja kasoro robo jioni, Mwalimu alifunga aproni kiunoni kama mtu anayekwenda vitani, akavunja yai.

"Leo ndiyo utanitambua," aliiambia sakafu.

Chini ya sakafu hiyo aliishi Mzee Volti, fundi umeme mstaafu. Sauti yake ilipenya kwenye mbao: "Lete pasi! Lete pasi, bwana!" Mtangazaji hakusikika. Mzee alikwisha kuwaeleza majirani kwamba watangazaji wanapiga domo tu, yeye mpira anauangalia televisheni ikiwa imezimwa sauti.

Kosa lake? Miezi miwili nyuma, wapangaji walikusanyika uani kumuaga mlinzi wa nyumba. Mwalimu akashuka na keki yake ya chokoleti, ile laini inayochuruzika katikati. Mzee Volti akakata kipande, chokoleti ikamdondokea shatini, akaitazama, akauliza mbele ya kadamnasi: "Mwalimu, hii keki au matope?"

Watu walicheka mpaka mama wa chumba cha pili akaketi chini. Na mwanamke aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, ambaye hata mwalimu mkuu alikuwa akimgwaya, akageuka kuwa Bi Matope. Ngazini, Bi Matope. Dukani, shikamoo Bi Matope, tukupimie sukari?

Akaapa kwamba mzee yule atayameza maneno yake. Kwa mdomo wake mwenyewe atasema: ile ni keki.

Silaha aliipata kwa bahati. Jumamosi iliyofuata aliwasha maikrowevu, zawadi aliyopewa na walimu wenzake alipostaafu. Umeme ukakatika nyumba nzima, maana juu na chini walitegemea laini moja, na kutoka chini kikapanda kilio: "Jamani! Penalti yangu!"

Kilio kile kilimwingia Mwalimu mwilini kama dawa. Usiku huo alilala usingizi wa mtoto. Tangu hapo, kila Jumamosi, mpira ukifika dakika za lala salama, yeye anapika.

Unga vijiko vinne. Kakao viwili vilivyojaa kama mlima. Sukari, yai, maziwa, mafuta, baking poda ya kuchovya kwa ncha ya kisu. Akavuruga ndani ya kikombe kikubwa kwa nguvu, kana kwamba ndani mna mtu. Kipande cha chokoleti akakizamisha katikati.

Sekunde tisini. Haikuwahi kufika. Lakini umeme nao ulikuwa na adabu ya ajabu: haukukatika hata siku moja kabla keki haijaumuka. Kwenye kioo kinachohesabu kurudi nyuma, namba ya mwisho kuonekana ilikuwa nane. Kila Jumamosi, nane. Mwalimu alichukulia kwamba Mungu yuko upande wake, kwani hata keki yenyewe ilitoka tamu, laini katikati, bila kumaliza tisini zote.

Umeme ukirudi, Mzee Volti hupanda na bisibisi mkononi, eti kukagua nyaya.

"Hodi, Mwalimu. Umeniua tena."

"Mimi? Masikini! Kumbe ulikuwa unaangalia mpira?"

"Mfungaji kashaweka mpira chini, karudi hatua tatu..."

"Pole, fundi. Kaa, ule. Halafu uniambie hicho ni kitu gani."

Mzee hukaa. Hula kwa kijiko alichokuja nacho. Cha adui, anasema, hakiaminiki. Hula taratibu, hukwangua kikombe mpaka kinalia, hufuta mdomo, hutafakari kama hakimu.

"Matope," huamua. "Ila leo yana nafuu. Tuone Jumamosi ijayo."

Mwalimu humfungia mlango nyuma ya kisigino, kisha husimama jikoni akipanga Jumamosi ijayo.

Sasa hii ilikuwa Jumamosi ya tisa, na kilio peke yake hakikumtosha tena. Alitaka kuuona uso. Alitaka kuwepo pale pale penalti inapoyeyuka, amwone mzee anavyosawijika, amshike angali moto na kumwambia: sema keki, ama hutaona bao tena maisha yako.

Akaweka kikombe ndani, akabonyeza tisini. Mashine ikaanza kuvuma. Akavua ndala, akashuka ngazi kwa ncha za vidole, akihesabu moyoni. Goti la kushoto lililia kwenye ngazi ya sita. Akalikemea kwa macho. Arobaini. Hamsini na tano. Kule chini kelele za mzee zilikuwa zimekoma ghafla.

"Roho inamdunda," aliwaza Mwalimu kwa furaha. "Wanapiga penalti."

Sabini na moja, akafika kwenye kona ya ngazi. Akachungulia.

Mlango wa Mzee Volti ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kitanda, meza, na kiti kimoja kilichotazama ukuta mtupu. Televisheni haikuwapo, wala mahali pa kuiweka. Mzee mwenyewe alikuwa nje, mbele ya sanduku la fyuzi, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, kijiko kimechungulia mfukoni. Sikio lilielekea darini, macho yalikuwa kwenye saa ya mkononi, na mkono wa kulia ulikuwa juu ya swichi kubwa ya umeme wa nyumba nzima.

"Themanini," alinong'ona. "Themanini na moja. Themanini na mbili."

Akaishusha swichi, akavuta pumzi, akaugeukia ule ukuta mtupu na kupiga yowe: "Jamani! Penalti yangu!"