Upole wa Mama Mkwe

Mama mkwe aliinua shati juu, akaitazama kola, kisha akaichana kwa wembe palepale, mbele ya kila mtu.

"Hii ni kola au sikio la mbuzi? Fumua! Anza upya!"

Mwenye shati, fundi mrefu waliyemwita Twiga, aliuma meno akalipokea. Karakana nzima ya sare za shule iliinamia vyerehani, kila mmoja akiomba zamu yake ichelewe.

Ikafika zamu ya mke wa mwanawe. Pindo la sketi yake lilipanda na kushuka, hata asiyejua kushika sindano angeliona. Mama mkwe aliigusa tu kwa ncha za vidole.

"Sawa, mwanangu. Weka pale. Pumzika, unywe chai."

Macho yote yalimgeukia, na hakuna hata jicho moja lililomtakia heri. Yeye akanyanyua kikombe, akanywa taratibu, makusudi waone.

Wachukie mpaka wachoke. Siku ya harusi mama huyu alikaa kiti cha nyuma kabisa, amenuna, hata picha akakataa kupiga. Leo, tangu amwite mwenyewe aje kujifunza kazi, ni mwanangu huku, mwanangu kule. Akichelewa, hasemwi. Akisinzia, anawekewa mto. Wiki iliyopita kichwa kilimuuma, akaomba kwenda nyumbani. Mama mkwe alikataa katakata, akamtandikia vitambaa stoo, akamkanda kwa mikono yake mwenyewe. "Ukienda utamwamsha mwenzio," alimwambia. Kweli, mumewe alikuwa mlinzi wa usiku, na mchana ndio usingizi wake. Mkwe gani mwingine angefikiria yote hayo? Amekubaliwa, na hilo alilitaka kuliko ufundi wenyewe.

"Wenzio tunakula wembe, wewe unakula chai," Twiga alisema, bila kupunguza sauti.

"Mama ni mpole kwangu. Kama roho inakuuma, shauri yako."

"Mpole!" Twiga alicheka kicheko kibaya. "Kila unachoshona nakifumua mimi jioni, nakishona upya. Hakuna nguo yako hata moja iliyotoka humu kama ulivyoishona. Na aliyeniagiza ni huyo huyo mama yako mpole."

Mke wa mwanawe alimgeukia mama mkwe, akingoja akanushe. Mama mkwe alikuwa anakunja futi kamba, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mama, ni kweli?"

"Kaa, mwanangu. Maneno ya wivu hayo."

"Nimeuliza ni kweli?"

"Nitamfukuza huyu, sasa hivi, kwa ajili yako. Utachukua cherehani chake kipya. Kaa tu."

Twiga alisukuma kiti nyuma, akasimama. Alikuwa fundi bora kuliko wote mle ndani, na kila mtu alijua.

Lakini yule binti alikuwa ameshavua aproni. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Kumbe alikuwa kichekesho cha karakana nzima, anapewa vitambaa kama mtoto anavyopewa mchanga achezee. "Naenda kwa mume wangu," alisema, na machozi yakamtangulia mlangoni. "Angalau yeye hanifanyi mjinga."

Alifika kwenye kona ya barabara ndipo akakumbuka funguo. Alikuwa ameziacha kwenye droo ya cherehani, na mumewe akilala huwa gogo, hata ugonge mpaka mkono uvimbe. Akarudi, amenuna, akijiapiza kwamba hatamsemesha mtu.

Mama mkwe alikuwa ukumbini, amempa mgongo, simu sikioni. Sauti yake ilikuwa ya chini, inakimbizana.

"Mwanangu, mtoe huyo mwanamke upesi! Mkeo anakuja, nimemzuia mpaka nimeshindwa."