Baiti Arobaini

"Imeongezeka tena!" Mwanabibi alimsogezea wifi yake simu. "Baiti arobaini. Nawe wataka nikae eda ya mume aliye hai?"

Mahira hakutazama. Meli aliyofanyia kazi kaka yake Abdulghani ilizama mwaka jana. Kadhi alikwishaamua kuwa amekufa, na hitma yake ilikwishasomwa mji mzima wa Shella. Aliyebaki ni huyu king'ang'anizi na simu yake.

Abdulghani alikuwa fundi wa kompyuta kabla ya kuwa baharia. Siku ya kuondoka alimwachia mkewe ukurasa wa mtandao wenye kitufe kimoja, na juu yake jina Mwanabibi.

"Barua na picha nitaziweka kwenye folda yangu, nikirudi tuzisome pamoja," alimwambia. "Ukinikumbuka, bonyeza hapa, utapimiwa ukubwa wa folda. Ikikua, jua ni mzima."

Basi kila Ijumaa Mwanabibi hutawadha, hubonyeza, huandika nambari daftarini. Kila Ijumaa baiti arobaini, kiasi cha maneno manne matano hivi.

"Mume wangu si msemaji," husema.

Hata alipougua malaria akakosa Ijumaa mbili, aliporudi alikuta zimeongezeka arobaini zile zile tu. Alijua mumewe amemngojea, akalia kwa furaha. Tusimcheke, jamani. Mapenzi hayana macho.

"Mfa maji haachi kutapatapa," Mahira alisema. "Twende kwa Kahonzi aifungue hiyo folda. Kakangu akiwa hai, nitakupigia magoti nikuombe radhi. Asipokuwa hai, leo hii waingia eda."

"Leo hii," Mwanabibi alikubali. Akajitanda buibui lake haraka, kama aendaye kumpokea mtu.

Kahonzi, mwenye duka la kompyuta, aliipata nywila ndani ya kompyuta kuukuu ya Abdulghani. Folda ikafunguka. Barua ya mwisho ilikuwa ya siku moja kabla ya meli kuzama. Chini yake palikuwa na faili moja ndogo, ya leo asubuhi.

Mahira akaushika mkono wa wifi yake.

"Hii ndiyo inayokua," Kahonzi alisema.

"Sikuwaambia? Nisomee, mwanangu! Anza na ya leo."

Kahonzi aliusoma mstari wa mwisho kimoyomoyo, akapandisha macho hadi juu. Mwanabibi akamhimiza tena. Ndipo akasoma.

"Mwanabibi amebonyeza, Ijumaa 03/10/2025. Mwanabibi amebonyeza, Ijumaa 26/09/2025. Mwanabibi amebonyeza..."