Pini ya Kichwa Chekundu

Binti aliinama chini ya cherehani kuokota kifungo, akakawia kuinuka.

"Mama, simamisha kwanza. Una pini unyayoni."

Fundi akaacha kukanyaga. Daktari wa kisukari alishamkataza kukaa peku, lakini yeye hakuwahi kushona na viatu; alisema mashine huisikia kwa nyayo. Akachungulia. Pini ilikuwa imezama yote, kimebaki kichwa chekundu kama shanga. Pini za rangi hiyo alizitumia jana, kwenye gauni ambalo mteja alishalichukua.

Akageuza uso, akaanza kulinyoosha pindo la nguo iliyokuwa mashineni kwa kidole gumba, polepole, kama mtu asiye na haraka na lolote.

"Haya, ichomoe," alisema.

"Nimeshaichomoa, mama."