Tangulia Wewe

"Tangulia wewe, Bwana Seif," Musembi alisema njia ilipogawanyika mara ya tatu. "Wewe ndiye mwenyeji."

"Hasha!" Bwana Seif alipangusa jasho kwa leso. "Mgunduzi yuko nyuma, mimi nitangulie? Huo utakuwa utovu wa adabu. Tangulia wewe."

Musembi akatangulia. Alishika njia ya kushoto kwa sababu ya kulia ilikuwa na miiba zaidi.

Gari la hoteli liliwaacha Marafa alfajiri, watu wanne, na tangu hapo walikuwa wakikanyaga vichaka wakitafuta maporomoko ya maji. Aliyeandika kwamba yapo ni Musembi. Hoteli ya Watamu alikokuwa mchukuzi wa mizigo ilipotangaza nafasi ya kiongozi wa wageni, aliiona barua yake ya maombi imekonda, akaitia nyama: kwamba katika matembezi yake aligundua maporomoko ya futi mia moja na ishirini, yasiyojulikana na mtu. Mia moja ingetosha. Ishirini aliiongeza ionekane alipima.

Alitarajia meneja asome, astaajabu, ampe kazi. Lakini Bwana Seif, meneja huyo mzaliwa wa Mambrui, hakupata kuambiwa jambo lolote duniani ambalo hakulijua tangu jana.

"Maporomoko yale!" alisema mbele ya wafanyakazi wote. "Nimeyaoga utotoni. Jumapili twende tukayaone, na kazi nitaitoa huko huko."

Siku mbili Musembi hakulala. Ya tatu akapata faraja: kama Bwana Seif ameyaoga, basi yapo! Amesema kweli bila mwenyewe kujua. Kilichobaki ni kumfuata mzee nyuma. Ila mzee naye, kwa heshima zake za Kipwani, hakukubali kutangulia.

"Mgunduzi gani huyu anayenusanusa njia kama mbwa koko?" aliuliza Bi Kibibi, mpishi. Aliletwa kupakua chakula, na ulimi wake haukujua Jumapili. "Mwanangu, maji hayo uliyaona kwa macho, au kwa tembo la mnazi?"

"Yako mbele, Bi Kibibi."

"Mbele kuna Somalia, baba."

Gerishom, mhudumu wa mezani aliyeitaka kazi ile ile, alifuata nyuma. Alibeba dumu la maji ya kunywa, akitabasamu.

Adhuhuri wakafika kileleni mwa kilima. Chini yao, pande zote, vichaka vikavu na udongo mwekundu. Mbali sana, bahari kama uzi. Hapakuwa na maji ya kumtosha hata chura kunawa uso.

Gerishom alisema anakwenda haja, akateremka na dumu lake.

"Haja ya dumu zima?" Bi Kibibi alishangaa.

Musembi hakuwa na njia nyingine ya kushika, ya kushoto wala ya kulia. Akajiambia kwamba Bwana Seif ni mtu wa dini, na mtu wa dini humhurumia anayeungama. Huenda hata akampa kazi kwa uaminifu wake. Akavua kofia.

"Bwana Seif, nisamehe. Hakuna maporomoko hapa, wala hayajapata kuwapo. Niliyatunga."

Bwana Seif alimtazama, uso ukimbadilika rangi. Bi Kibibi polepole aligeuza macho kutoka kwa Musembi, akayaelekeza kwa meneja.

Hapo vichaka vikatikisika. Gerishom alipanda mbio, shati limemganda mwilini, maji yakimchuruzika toka kichwani hadi viatuni.

"Nimeyaona!" alitweta. "Nyuma ya jabali lile, Bwana Seif. Futi mia mbili kamili!"

Bwana Seif alimpokea kwa mikono miwili.

"Vile vile nilivyoyaacha mimi, kiongozi," alisema.